Bi Taratibu na Miaka Thelathini na Mmoja ya Tumbo Joto

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa chumba cha gesi katika maabara yetu anarudisha koti lake jeupe stoo na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Jina lake limo kwenye faili, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Bi Taratibu, hata Profesa. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa wasifu huu, msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili, aandike kitu cha kuchangamsha. Atajaribu.

Wenzetu wa ghorofa ya juu huuliza tunafanya nini kule chini nyuma ya mlango wa chuma. Ni hivi: sayari ya Zohali ina mwezi mkubwa uliofunikwa na ukungu wa rangi ya machungwa. Katika hewa yake zimo gesi ndogo za kaboni na haidrojeni, kama asetilini, ambazo wanakemia husema hazijashiba, yaani bado zina nafasi ya kushikana na nyingine. Zikipigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua, huvunjika, vipande vikashikana na kukua mpaka vikawa ukungu. Bi Taratibu ameifanya shughuli hiyo yote ndani ya mrija wa kioo usiozidi urefu wa mkono, akitumia taa badala ya jua. Baada ya saa mbili kioo huota utando wa kahawia, naye hupima gesi gani imepungua na kwa kasi gani. Vipimo vyake vimo katika makala kumi na tisa za kisayansi. Mjukuu wake alipoletwa kuuona utando huo alisema ni uchafu, basi bibi mtu akacheka hadi machozi.

Sasa tuje kwenye ubaya. Gesi mojawapo, diasetilini, tunaitengeneza wenyewe na kuihifadhi chupani ikiwa imeganda. Ikiwa baridi na nyeupe, haina neno. Ikipata joto ikaanza kugeuka kahawia, inaweza kulipuka kwa kuguswa tu. Jamani, kwa kuguswa tu!

Ndiyo maana kabla ya kufungua koki ya chupa hiyo Bi Taratibu aliwahesabu watu chumbani kwa kuwagusa bega, na asiye na kazi pale alitoka. Profesa ametolewa mara nyingi, yeye na kikombe chake cha chai. Mgeni mmoja mzito aliyekuja na wapiga picha aliambiwa kwa adabu zote avue viatu vyake vyenye chuma au asubiri nje. Alisubiri nje, na picha zote zikatoka akiwa kando ya pipa la taka.

Miaka minane iliyopita umeme ulikatika wikiendi nzima, friza likazimika. Jumatatu tulikuta chupa imeanza kuingia ukahawia. Mwandishi alitoka mguu niponye hadi kwenye maegesho ya magari, na haoni aibu kukiri. Bi Taratibu alituhesabu pale maegesho mara mbili, akavaa ngao ya uso, akarudi ndani peke yake kuipoza chupa kwa naitrojeni ya kimiminika. Zilipita dakika arobaini. Katibu muhtasi alilia bila sauti, na sisi wengine tuliutazama mlango tu. Alipotoka aliomba maji, lakini glasi ilimshinda kushika kwa kutetemeka. Akasema tusishangae, hajawahi kuigusa koki ile bila tumbo joto tangu siku ya kwanza.

Machi mwaka huu alifungua koki, akajaza mrija, akafunga. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Kisha akaketi kwenye benchi la korido na kumwomba katibu muhtasi fomu ya kustaafu, ikiwa imebaki miezi kumi na minane afikie umri wa kustaafu. Tulidhani anaumwa. Kumbe alikuwa ameduwaa: wakati koki iko wazi, yeye alikuwa akiwaza mapazia ya sebuleni, na tumbo lilikuwa kimya. Alisema asiyeiogopa gesi ile hana kazi chumbani mle. Na alipoulizwa nani ashike nafasi yake, alimtaja mwandishi wa wasifu huu, kwa sababu hajapata kuona mwoga kama yeye.

Yaani mimi. Mtanisamehe, siwezi tena kujificha nyuma ya “mwandishi”. Jumatatu saa tatu asubuhi nitaifungua koki ile bila yeye kuwa nyuma yangu. Naogopa. Tangu Jumanne chakula hakipiti, na mke wangu ameacha kuniuliza.

Jana nilimweleza Bi Taratibu hivyo hivyo, nikitegemea anicheke kidogo kama kawaida yake. Hakucheka. Alinishika bega, kama anayehesabu. Akasema nisipompigia simu ifikapo saa nne, anakuja mwenyewe.

Bi Taratibu, kwa miaka yote uliyotuhesabu na tukatimia, ahsante sana. Tunakutakia maisha mema, marefu na yenye utulivu. Utulivu huo, tafadhali, uanze Jumatatu saa nne.