Ngojeni Nioge Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi mliokuja kutushika mkono leo, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Chaji mpaka mkasahau kama alikuwa na jina jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa pili wa baba seremala na mama mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, na kwa kuwa baba alitutoka mwaka huohuo, yeye akaingia gereji ya mjomba wetu kujifunza ufundi wa betri.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na shemeji yangu, mjane tuliye naye hapa mbele, wakapanga chumba kimoja, na uani ndipo alipofungua karakana yake ya kwanza, akichaji betri, akipasua zilizokufa, akiyeyusha risasi, ile metali nzito iliyomo ndani yake, kwenye sufuria kuukuu ili atengeneze vichwa vipya vya kufungia waya, na jioni aliingia ndani na ovaroli ileile, akamrusha juu mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1977, mtoto akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Hakuna aliyeona ubaya, maana sote tulidhani hatari ya betri ni asidi, na asidi ikikumwagikia unajua papo hapo.

Mtoto huyo alichelewa kusema, akawa analalamikia tumbo kila mara, na alipofika miaka saba hakuweza kuhesabu hadi kumi, ndipo mwaka 1984 daktari alipomuuliza marehemu anafanya kazi gani, akampima mtoto damu, kisha akamweleza kwamba vumbi la risasi lilikuwa likitoka karakana kwenye nguo na mikono yake na kuingia mwilini mwa mtoto, na kwamba lililoharibika halitarudi. Kaka yetu alirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, na hakupasua betri tena maishani mwake.

Alihamisha karakana mbali na nyumba, akaweka beseni, sabuni na nguo za kubadilisha kwenye chumba cha nyuma, na ovaroli akaifua mwenyewe hukohuko. Mafundi wenzake mnakumbuka alivyokuwa king'ang'anizi, madirisha wazi muda wote wa kuchaji kwa sababu ya ile gesi inayolipuka, sigara marufuku, hakuna kuchomoa waya kabla ya kuzima umeme, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi, na betri ikishajaa chaji ndipo iongezwe maji, tena yale yaliyosafishwa tu. Dereva wa lori aliyemharakisha alijibiwa, "Kama una haraka, sukuma," na dereva huyo yupo hapa leo, ndiye aliyetuletea jeneza.

Mungu aliwajalia watoto wengine wawili, wa kiume mwaka 1986 na wa kike mwaka 1990, na kila jioni walipomkimbilia mlangoni, marehemu aliinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi, akasema, "Ngojeni nioge kwanza," ingawa alikuwa ameshaoga kule karakana, na alipomaliza kuoga mara ya pili, hamu ya watoto ilikuwa imekwisha. Kitinda mimba alikua akiamini kwamba baba yake hampendi, kinyongo hicho akaolewa nacho, akakaa miaka sita bila kukanyaga nyumbani, na sisi tuliojua sababu tulinyamaza, kwa kuwa marehemu alitukataza, alisema aibu hiyo ni yake peke yake. Tulikosea kumtii.

Figo zilianza kumsumbua mwezi Januari 2022, karakana ikafungwa, na Septemba mwaka uliofuata, hali ilipokuwa mbaya, shemeji yangu alimpigia simu binti yake huyo akamweleza yote. Alifika hospitali tarehe 17, akamwinamia baba yake, na kaka yetu, ambaye hakuwa amegusa betri zaidi ya mwaka mzima, akainua mikono yake iliyokonda na kusema, "Ngoja nioge kwanza, mwanangu." Binti hakungoja, alilala kifuani pake akilia, na mikono ya baba ikabaki hewani, haijui pa kwenda, mpaka mama alipoishika akaiweka mgongoni mwa mtoto. Marehemu alifariki tarehe 19 Septemba 2023, asubuhi, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliolala nasi siku hizi, na mafundi wenzake mliofunga kazi zenu kwa ajili yake. Binti yake, ambaye hawezi kusimama hapa, ameniomba nifunge kwa maneno yake: Pumzika kwa amani, baba, umeshaoga.