Bi Ncha, Mwalimu wa Nywele za Singa, Apumzisha Chanuo

Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Asubuhi manyunyu, jua limetoka kabla ya chai ya saa nne.

Leo Bi Ncha amestaafu baada ya kuitumikia idara ya ususi ya chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mhariri wa jarida ameniomba niandike mimi, kwa sababu meza yangu ya mapokezi inatazamana na kiti chake cha dirishani, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimtazama yeye kuliko ninavyoitazama simu ya ofisi.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa kwanza. Kila aliyeshika chanuo alisikia sauti ileile kutoka nyuma: ncha kwanza. Chana ncha, panda kidogo, chana tena, mpaka ufike kwenye ngozi ya kichwa. Anayeanzia juu huyasukuma mafundo yote yashuke yakajazane mahali pamoja, kisha humlaumu mteja kwa kulia.

Alipoajiriwa, idara ilikuwa chumba kimoja chenye beseni mbili na kioo chenye ufa. Tulifundisha kusuka na kutunza nywele za kipilipili, na kazi hiyo tuliijua barabara. Akiingia mteja mwenye nywele za singa, wasusi walitazamana, kisha mmoja wao akamfanyia kile alichozoea: mafuta ya kutosha kuanzia ngozi ya kichwa. Mteja alitoka nywele zimemlala kama aliyenyeshewa, na hakurudi tena.

Bi Ncha alimwomba jirani yake, bibi mwenye nywele za singa, aje kuketi kitini kila Jumatano ili wanafunzi wazisome nywele zake kwa vidole. Tangu hapo mfuko wa aproni yake haujakosa uzi wa kushonea. Alishika unywele mmoja kwa vidole viwili, kisha uzi. Unywele usipouhisi kabisa, ni mwembamba. Ukikuchoma kama ujiti wa ufagio, ni mnene. Ukiuhisi kama uzi, ni wa wastani, na hizo ndizo nywele alizosema zinadanganya watu, maana zinaonekana hazina shida yoyote.

Shida ipo, nayo ni rahisi kuielewa akikueleza yeye. Nywele zikinyooka, mafuta ya kichwa huteleza bila kizuizi. Siku ya tatu juu kunang'aa, chini ncha zingali kavu. Kwa hiyo shampuu inakwenda kwenye ngozi ya kichwa, kondishna inaanzia usawa wa masikio kwenda chini, taulo ni la kukamulia na si la kusugulia, na draya iwe ya vuguvugu. Fundi umeme wetu, ambaye nywele zake zinafika mabegani, alikuja siku moja kutengeneza draya akaishia kuoshwa kichwa mbele ya darasa zima. Hadi leo ukimuuliza habari za waya, atakujibu habari za kondishna.

Mabibi harusi wenye singa aliwataka waoshe nywele siku moja kabla, kwa kuwa zikioshwa asubuhi ileile zinateleza na hazishiki pini. Mmoja alijifanya hakusikia. Maua yake yalidondoka moja moja tangu mlangoni mpaka jukwaani, na watoto wakafuata nyuma wakiyaokota.

Leo somo hilo lina chumba chake na mtihani wake, na wanafunzi wake wengi wana saluni zao. Mkuu wa chuo ameyasema hayo vizuri katika hotuba yake. Mimi nataka kueleza jambo ambalo halikuwamo kwenye hotuba.

Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi, mama mmoja mshonaji aliingia akiwa na msichana wa miaka minane. Alikuwa ameolewa na baba wa mtoto huyo, dereva wa lori, baada ya mama mzazi kufariki. Mtoto alirithi nywele za mama yake: singa za wastani, ndefu hadi kiunoni. Mshonaji, ambaye zake ni za kipilipili, alikuwa akizitunza kama anavyotunza zake mwenyewe. Alizipaka mafuta, akazichana kuanzia juu, akazifunga zikiwa mbichi. Kila asubuhi ilikuwa vita.

"Zikate zote, dada," aliniambia pale mapokezi. "Mimi nimeshindwa."

"Si zako!" mtoto alisema. "Anti, si nywele zako!"

Bi Ncha hakushika mkasi. Alimkalisha mtoto kitini, akamwosha, akachana taratibu mpaka chanuo likapita kama linapita kwenye maji, akamsuka shungi moja. Mtoto alijigeuza kwenye kioo huku na huku. Kisha akatangaza kwamba tangu siku ile atachanwa na Bibi tu. Anti asimguse.

Mshonaji alishukuru, akachukua mkoba wake, akatoka ameinamisha kichwa. Bi Ncha alibaki amesimama na chanuo mkononi. "Nimeharibu," aliniambia. "Nimemchania mtoto, nimemwacha mama nje."

Jumamosi iliyofuata Bi Ncha alikuja amefungwa bendeji mkono wa kulia. Alisema ameteguka. Sisi sote tulikuwa tumemwona asubuhi hiyo akibeba ndoo ya maji, tukanyamaza. Mhasibu tu ndiye hakuambiwa, akamletea dawa ya kuchua.

Mtoto alinuna, lakini hakukuwa na jinsi. Mshonaji alichana, Bi Ncha akiwa pembeni akielekeza kwa mdomo. Shika shungi juu kidogo kwa mkono wa kushoto, ili chanuo likivuta lisivute kichwa. Sasa ncha. Usiwe na haraka, hatuendi stendi. Mtoto aliguna mara mbili tatu, lakini hakulia. Hata hivyo walipotoka alitembea hatua kadhaa mbele, kama hawajuani.

Jumamosi ya tatu walikuja tena. Mshonaji alikuwa ameshashika chanuo pale mtoto alipomkazia macho Bi Ncha.

"Bibi, si ulikuwa mkono ule mwingine?"

Draya zote zilizimwa. Bi Ncha aliutazama mkono wake wa kushoto, uliofungwa vizuri kabisa, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Maumivu yamehama, mjukuu wangu."

Wanafunzi wawili walikimbilia stoo. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Mshonaji alichelewa kidogo kuelewa kwamba bendeji ile ilifungwa kwa ajili yake. Alipoelewa, alikaa kwenye stuli na kufunika uso kwa taulo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa macho yalikuwa yamelowa.

Hapo mtoto angeweza kabisa kusema: basi nichane wewe, Bibi, maana mikono yako mizima. Wote tuliyasubiri maneno hayo. Alimtazama Bi Ncha, akamtazama mama wa taulo. Kisha akampa mgongo huyu wa taulo, akazirusha nywele zake nyuma ya mabega.

"Haya, anza," alisema. "Ncha kwanza."

Walikuja Jumamosi chache zaidi, halafu hawakuhitaji tena kuja. Bi Ncha alifurahi kupoteza wateja wale kuliko nilivyowahi kumwona akifurahi kupata wengine.

Leo wamekuja kwenye sherehe. Msichana amerefuka, shungi moja mgongoni, limesukwa sawasawa. Baada ya hotuba alimkabidhi Bi Ncha kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na bendeji mpya.

"Ya kupumzikia, Bibi," alisema. "Mama amesema uchague mkono mwenyewe."

Niligeuka kumtazama mshonaji. Alikuwa ameinamia mkoba wake akitafuta kitu, na alikitafuta kwa muda mrefu sana.

Bi Ncha, asante kwa kila kichwa kilichopita mikononi mwako, na kwa mikono mingine uliyoifundisha kufanya kazi yako. Kiti cha dirishani tutakitunza, na uzi wako tumeubakiza kwenye droo. Nenda ukae kwa raha, watoto na wajukuu wakikuzunguka, asubuhi ziwe za kuamka upendapo, na mikono yote miwili iwe mizima. Siku ukitukumbuka, mlango unaujua.

Mvua haikurudi. Nimejichana kabla ya kulala, ncha kwanza. Nazima taa, saa tano na nusu.