Tulivyoanza Kuuliza Ukuta

Ba-papa, ba-mama, na ninyi vijana wenzangu mliotoka Mugunga na barabara ya Rutshuru, nawasalimu. Mmeniomba niseme jinsi kikundi chetu cha wafundi wa chukudu kilivyokaribia kuvunjika, na jinsi mimi nilivyorudi kazini. Nimeandika, maana nikisimama bila karatasi maneno yananikimbia. Sitataja jina la mutu. Wenyewe wamekaa humu ndani, na wamenikubalia niseme.

Sisi wa Majengo tulichonga chukudu zetu, hizi baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, kwenye kiwanja kimoja. Modeli haikuwa ya mutu mmoja. Mfundi yeyote aliyekuja na kamba yake kupima magurudumu yetu tulimwacha apime, aende akachonge kwake. Tulimwomba kitu kimoja tu: akipata namna iliyo bora kuliko yetu, arudi atuonyeshe. Ile pine, mpira wa gari uliokwisha, tunayozungushia gurudumu ililetwa na mpita njia. Springi ya usukani pia.

Kazi tuligawana kwa mdomo. Asubuhi mmoja anasema, "Mimi nitachonga uma wa gurudumu la mbele," mwingine anasema, "Mimi usukani." Ndugu zangu, nawaambia, kwa mdomo kazi inagawanyika vizuri sana. Shida inakuja baadaye. Tulikuwa tunakuta chukudu moja ina sukani mbili na haina mahali pa kupigia goti, na waliochonga wanaangaliana. Tulicheka, tukaendelea.

Kisha ikaja habari ya freni. Wale wasioendesha chukudu wanisikilize: freni ni kipande cha pine kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Ukishuka mlima unakikanyaga. Cha chukudu moja kilikuwa kimekwisha, na muzee wetu, aliyetufundisha karibu wote kushika tezo na kuchonga, akasema, "Hiyo muniachie."

Siku zikapita. Nikatumwa kwenda kushusha makaa na chukudu hiyo. Niliangalia freni, sikuelewa kama ni mpya ao ni ile ya zamani. Nikamuuliza mwenzangu pole pole:

"Hii imebadilishwa?"

"Si muzee alisema ataibadilisha?"

"Alibadilisha?"

"Weye muulize. Ule pale."

Muzee alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, ananoa tezo.

"Mimi? Niulize muzee kama amefanya kazi yake?"

"Basi enda. Ao unaogopa mlima?"

Nikaenda. Wakati wa kurudi, mzigo ukiwa nyuma, nilikanyaga freni na ikang'oka kama ganda la ndizi. Chukudu iliacha njia, mimi nikaangukia mawe ya volkano, na gunia la makaa likaniangukia mimi. Mguu ulivunjika. Hospitali walinifunga plasta, wakafanya walivyoweza, lakini ulipona umepinda. Kusukuma mzigo mlimani sikuweza tena, wala kwenda kutafuta miti. Kilichobaki ni kukaa na kuchonga magurudumu.

Nilikuwa bado kitandani niliposikia kikundi kinataka kuachana, kila mmoja akimtupia mwenzake kosa la ile freni. Kila mutu alichukua tezo yake, akisema atachonga kwake, modeli yake, milango imefungwa. Mama yangu alielewa kabla yangu.

"Wenzako watachonga chukudu nzima," alisema. "Weye utauza gurudumu. Mutu anunue gurudumu moja, afanye nayo nini? Kiti?"

Alisema kweli. Bila wenzangu sikuwa na kazi.

Wenzangu walikuja kwetu kwa mara ya mwisho, baada ya salongo, ile kazi ya mtaa mzima, majembe bado mkononi. Wakakaa uani, mimi nikaletwa na kiti changu. Mmoja alitaka tuchague mkubwa wa kutoa amri. Kila mutu alikubali, mpaka tulipouliza ni nani. Aliyemaliza sekondari alisema tuweke tablo, ubao wa kuandikia, yenye sehemu tatu: kazi isiyo na mutu, kazi iliyo na mutu, kazi iliyokwisha. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kiwanja chetu hakina paa, na nusu yetu hawasomi.

Ndipo muzee akasema, macho yakiwa chini:

"Ile freni nilikumbuka siku iliyofuata. Nikaona haya kusema nimesahau. Nikangoja mutu aniulize. Hakuna aliyeniuliza."

Mimi sikuwa nimewahi kusema neno kwenye mkutano. Nilisikia sauti yangu ikitoka: "Muzee, na mimi niliona haya kukuuliza. Ulikuwa pale pale."

Mama anayetukatia pine alipiga makofi mara moja. "Sasa ninyi, kule kwenye bomba, nani anauliza nani iko mbele? Mutu anaweka bidoni yake ya maji kwenye mustari, anaenda kupika. Bidoni ya muzee, bidoni ya mutoto, zote zinangoja. Hakuna matusi."

"Lakini freni si bidoni," mmoja akamwambia.

"Ndiyo, papa. Bidoni hata ikisahauliwa haivunje mutu mguu."

Tulicheka, hata mimi. Tukachagua hapo. Tulisimamisha ukuta wa mbao chini ya paa la mama huyo, wenye zile sehemu tatu na misumari. Kila kazi ikapata kipande chake: kigurudumu kidogo, uma mdogo, freni ndogo. Kila mfundi akachoma alama yake kwenye ubao. Ukichukua kazi, unatundika kipande chini ya alama yako; ukiimaliza, unakipeleka sehemu ya tatu. Ikikushinda, unakirudisha kwenye misumari ya kwanza, ya kazi isiyo na mutu, na ni marufuku kuuliza kwa nini.

Sharti hilo la mwisho sote tuliliogopa. Nani angeanza kurudisha? Freni ndogo ya ile chukudu iliyoniangusha ilikaa chini ya alama ya muzee. Asubuhi moja alifika, watu wote wapo, akaitoa, akairudisha kwenye msumari wa kwanza, akaenda kuchonga uma. Niliinuka na fimbo yangu, nikaichukua, nikaiweka chini ya alama yangu. Freni hiyo nimeitengeneza mimi, na bado inashuka mlima.

Namshukuru mama yangu, mama wa pine, mwenye wazo la tablo, na aliyenibeba toka njiani. Namshukuru zaidi muzee, kwa kurudisha kile kipande.

Ninaloweza kuwaambia ni hili: chagueni namna ambayo hata mwenye haya ataweza kusema "bado," na hata mkubwa ataweza kusema "imenishinda," bila kufungua mdomo.

Modeli yetu ni yenu, pimeni mtakavyo. Nimeleta na freni ndogo moja. Ukuta huu mliousimamisha kwa kikundi chenu bado hauna kitu, basi naitundika hapa, kwenye msumari wa kwanza.