Mwalimu Demetria Kasimiri na Shimo Lake la Mtoni

Marehemu Demetria Kasimiri alizaliwa tarehe 9 Agosti 1938 huko Masasi, kwa mama mfinyanzi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Mwaka 1961 alifunga ndoa na mzee Alfonsi, mchonga vinyago, wakahamia Mtoni.

Kuanzia 1966 alifanya kazi makumbusho mjini, akiwaeleza wageni jinsi vitu vya kale vinavyofukuliwa. Mwaka 1993 alipunguzwa kazi. Hakukaa bure. Uani kwake alichimba shimo, akalijaza tena tabaka kwa tabaka, mchanga na udongo mwekundu, humo akafukia vyungu vyake vilivyovunjika, mkaa na mifupa ya kuku. Kila Jumamosi watoto na wazazi walichimba kwa vijiko na brashi za rangi, wajue habari za watu wa kale zinavyotafutwa.

“Usikivute,” alikuwa akisema. “Ukikivuta hujaona kimelalaje, umeshakipoteza.”

Siku moja Hija, mtoto wa jirani, alivitazama vigae akasema, “Hawa walikuwa wengi, wanakula chungu kimoja.” Marehemu alicheka mpaka akakaa mchangani. “Umetuona hadi jikoni, mwanangu!”

Wakubwa waliona jingine. Jirani yetu Jabiri alisema mtu mzima hachezei mchanga hivihivi. Eti pale pana mali ya Mjerumani iliyofukiwa zamani, watoto wanatumiwa kuitafuta. Marehemu alimwita akamwonyesha vigae.

“Nimevifukia mie mwenyewe, Jabiri. Hicho nilipikia maharage.”

“Sawa, mama,” Jabiri akamjibu, watu wakicheka. “Kwani aliyeficha mali angesemaje?”

Jumapili ya tarehe 12 Mei 1996, tukiwa kanisani, shimo lilichimbwa kwa sururu mpaka maji yakatoka. Mali haikuonekana. Vyungu vilisagwasagwa. Marehemu aliingia kwenye tope kuviokota, kigae kikamkata unyayo. Ikawa pepopunda, taya zikabana. Alifariki hospitalini tarehe 23 Mei bila kusema neno, yeye aliyekuwa akieleza watu kutwa nzima.

Jana Jabiri alikuja na sururu yake kusaidia kuchimba kaburi. Tunamshukuru. Aliuliza pia kama marehemu atazikwa na chochote. Basi tunasoma hapa, kila mtu asikie: amevaa gauni lake la kanisani, na mkononi ana rozari ya mti aliyochongewa na mumewe. Hamna kingine mle.

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu saba.

Apumzike kwa amani pale tutakapomlaza, na asiguswe.