Asante Iliyomkwama Faustine

Kijiwe cha kahawa cha mtaa wa Mukendo kina benchi moja ndefu ambayo mguu wake mmoja umeshikiliwa na tofali, na wiki hiyo kilikuwa na kivuli cha bure pia, maana Faustine alikuwa ameegesha gari-nyumba lake pembeni. Lilikuwa Coaster la zamani. Aling'oa viti, akaweka kitanda, sinki na jiko la gesi, akaacha kuendesha abiria wa watu ili amwendeshe mkewe Marieta, na kijiwe kikambatiza jina la Mwenye Nyumba. Kutoka Butiama walirudi na msafiri wa tatu, mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo waliyemwita Abiria, ambaye asubuhi hii alikuwa chini ya benchi akipigana na kamba za viatu vya Boniphace. Kijiwe chote kilikuwa kinacheka isipokuwa Faustine. Yeye alikuwa na jambo zito rohoni.

— Mwenye Nyumba, kahawa inapoa, alisema Boniphace. Boniphace ni fundi cherehani, lakini hakuna asilolijua, ndiyo maana wanamwita Profesa.

— Marieta kapiga simu. Kakutana na Mama Robi stendi, anakuja naye hapa. Leo lazima nimshukuru.

— Wee! Unataka kuua mbwa?

— Profesa, sasa nifanyeje? Huyu mama ndiye aliyetupatia Abiria.

— Ndiyo hivyo! Mbwa hashukuriwi. Ukipewa mtoto wa mbwa, unabeba, unaondoka kimya. Ukisema asante tu, hafiki mwezi. Si nilikwambia kwenye simu siku ile?

Alimwambia, na hapo ndipo ubaya ulipoanza. Siku ile kijijini Buswahili, huko Butiama, Mama Robi alimweka mbwa mikononi mwa Faustine, na Faustine, aliyelelewa kushukuru hata maji ya kunawa, akageuka kama bubu, akapanda gari, akawasha. Kwenye kioo alimwona yule mama bado amesimama. Faustine hajaacha kuona aibu mpaka leo.

Aibu yenyewe ingevumilika kama si kilichotokea baadaye, njiani Bunda. Walikula mchana, wakafunga madirisha kwa sababu ya vumbi, wakajilaza. Mpira wa gesi ulikuwa umelegea. Abiria alilia, akapanda kitandani, akamparura Marieta usoni mpaka akaamka na kufungua mlango. Faustine alitolewa kwa kuburutwa miguu. Mke wake yu hai, yeye yu hai, na mtu wa kuambiwa asante haruhusiwi kuambiwa.

— Mimi naona njia ipo, alisema Jofrey, muuza samaki wa Bukima. Usimshukuru mama. Mshukuru mama yake mbwa. Nenda Buswahili, inama pale, mwambie jike lile asante kwa kuzaa.

— Nikionekana nimemwinamia mbwa, si watanifunga kamba kama kichaa?

— Basi sema kwa Kiingereza, alidakia Makoye, mkulima wa pamba aliyekuja mjini kutafuta dawa ya wadudu na hakumbuki tena kuitafuta. Hiyo mbwa imezaliwa Buswahili, Kiingereza itajulia wapi?

— Mkosi unajuaga lugha zote, Profesa alimkata. Afadhali amshukuru kwa kitu kingine. Aseme, mama, asante kwa mvua ya mwaka huu.

— Kwani mvua analeta yeye?

— Moyoni anajua anasemea mbwa! Mdomo unasema mvua.

— Hapana, alisema Jofrey. Mpe sato mkubwa. Yeye akisema asante, unamjibu, asante na wewe. Hapo umeshukuru kwa kudandia.

— Mimi ningeandika kwenye bampa, alisema Makoye. ASANTE MAMA ROBI, herufi nyekundu. Halafu unapita kwake na rivasi, asome taratibu. Hapo nani kashukuru? Si gari?

Faustine alijikuta ameanza kulifikiria hilo la bampa, na hapo alijua kwamba amefika pabaya. Alipoinua macho, Marieta alikuwa anavuka barabara na mama mrefu mwenye kitenge cha kijani. Profesa akamkanyaga Faustine mguu.

— Shikamooni, wazee wetu hamjambo? alisalimu Marieta kwa utani.

— Shikamoo mama, alisema Faustine.

— Marahaba, baba, alijibu yule mama. Mama Robi hakukaa. Alikuwa anatafuta chini ya benchi kwa macho. Abiria alipotokeza kichwa, yule mama alishika kifua.

— Kumbe yupo!

— Yupo mama.

— Mimi nilijua mlimtupa njiani. Walizaliwaga sita, akapona huyo mmoja, nikamnywesha maziwa kwa kidole. Nikawapa ninyi kwa sababu nilimpenda huyu binti. Ukachukua, baba, ukaondoka bila neno. Nimekaa najiuliza, nimewakosea nini?

Ni Marieta aliyepasuka.

— Mama, tuliambiwa mbwa hashukuriwi! Tukishukuru anakufa!

— Nani kasema?

Wote walimtazama Profesa.

— Si mimi. Mimi ni Mzanaki, kwetu haipo. Ni ya Wajita. Jofrey?

— Ya Wajita wapi? Sisi tunashukurugaga hata kwa paka! Mimi najua ni ya Wasukuma.

— Mimi Msukuma naisikia hapa Mukendo, alisema Makoye. Nikajua ni ya Wakurya, maana mbwa ametoka kwa Mkurya.

— Mkurya ndiyo mimi, alisema Mama Robi. Kwetu haipo. Sasa ni ya nani?

Profesa aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo mbwa alikuwa bado anaivuta.

Faustine alisimama. Alishika mikono ya yule mama yote miwili, akamsimulia habari ya Bunda, ya gesi, ya madirisha, ya mikwaruzo usoni kwa Marieta ambayo bado inaonekana, na machozi yakamtoka mbele ya watu wanaomjua kwa maneno ya kukera tu.

— Asante mama. Asante kwa Abiria. Asante kwa mke wangu. Asante sana.

Jofrey, kwa kuhakikisha, alichungulia chini ya benchi. Mbwa mzima.

Mama Robi alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaketi nafasi ya Faustine.

— Haya, alisema. Sasa ndiyo nimewapa.