Neno la Siri Nililolisahau na Mke Niliyemsingizia

Ndugu zangu wa shirika letu la sala, Bwana apewe sifa leo kuliko siku zote. Naomba mniache nisimame. Nikiketi nitafupisha, na jambo hili nimelifupisha vya kutosha.

Mnanijua. Mimi ni Mugisho, yule anayechapa memwari, zile kazi za kumalizia masomo, za wanafunzi hapa Kadutu. Wengi wenu mmeiona ordinatere yangu, ile kompyuta. Kaka yangu aliyeko Ubelgiji aliituma, ikafika Bujumbura kwa ndege, kisha ikapanda milima kwa lori. Kabla yake nilikuwa karani wa kawaida mwenye mashini ya kuandikia iliyokosa herufi mbili. Ilipofika, wanafunzi wakaanza kuniita "patron", yaani bosi. Nililipenda jina hilo kuliko kazi yenyewe.

Mke wangu, mama Nabintu, alisoma sekondari mpaka mwaka wa nne, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mara nyingi aliniomba nimfundishe kuchapa ili anisaidie. Siku moja nilimjibu mbele ya wateja: "Hii haiko sufuria." Watu wakacheka. Yeye akarudi jikoni. Naanza na neno hilo kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka ndani yake.

Ile mashini ina mahali unapoweza kuweka neno la siri. Ukiiwasha inakuuliza neno hilo kwanza, na usipoliandika haikufungulii kitu. Niliweka neno langu, wala sikumwambia mtu.

Jumamosi moja nilitoka nje kuongea na mteja, nikaiacha ikiwaka. Niliporudi nilimkuta mama Nabintu ameketi kwenye kiti changu. Alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa, mara tatu, na alikuwa anatabasamu peke yake. Ndugu zangu, lile tabasamu lingetosha kunifanya nivute kiti nikae karibu naye. Mimi nilimwambia ainuke. Nilifuta jina lake, nikafunga mlango. Jioni ile malaria ikaniangusha.

Nililazwa siku tano na maji ya kinini, dawa ya malaria, yakiingia mkononi. Mke wangu alilala sakafuni kando ya kitanda changu siku zote tano. Nilitoka hospitali masikio yanapiga kelele na kichwa kizito. Nilipoketi mbele ya mashini nikaandika neno langu, ikalikataa. Nikaandika tena polepole, kidole kwa kidole, ikalikataa. Nilijaribu mpaka nikachoka.

Sasa, ndani ya mashini ile kulikuwa na kazi ya Sifa. Huyu ni binti wa mwaka wa mwisho, ameandika juu ya ugonjwa wa koo katika vijiji vya Kabare. Mwalimu wake alikuwa amebadilisha nusu ya kazi, na masahihisho yote tuliyaandika moja kwa moja ndani ya ordinatere bila kuyatoa kwenye karatasi. Zilibaki wiki mbili asimame mbele ya waalimu wake kuitetea. Mama yake anauza ndizi Mudaka ili binti huyu asome. Alipokuja kuulizia kazi yake, nilimwambia umeme ulikuwa mbaya. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Uongo wa pili ndio ulionileta hapa. Kichwa changu kiliniambia: kama neno langu halikubaliki, basi kuna mtu amelibadilisha. Na ni nani aliyeketi kwenye kiti changu? Nilimwita mama Nabintu.

"Uliweka neno gani?" nikamuuliza.

"Neno gani? Miye niliandika jina yangu tu. Uliiona, ukaifuta."

"Unanionea wivu, unaharibu kazi yangu."

Alinigusa paji la uso. Akasema: "Papa Mugisho, uko bado mugonjwa. Lala." Nikaona ananidharau.

Ndugu zangu, mnakumbuka Jumatano iliyofuata. Tulisali kwa Papa Bahati, muongozi wetu. Nilisimama nikaomba maombi. Sikusema "ninamshitaki mke wangu". Nilisema kwa sauti ya huruma: "Muombee nyumba yangu, roho ya wivu imeingia kwa mama Nabintu, ameifunga mashini ya kazi na anakataa kuifungua." Mkainamisha vichwa, mkamwombea. Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango, na mama waliokuwa kando yake wakasogea kidogo. Sijui kama walijua kwamba wamesogea. Mimi niliona, na nilifurahi. Asubuhi yake alifunga nguo zake akaenda kwa wazazi wake, Mudaka.

Sifa ndiye aliyemtafuta fundi. Alikuwa amechoka na uongo wangu wa umeme. Alikuja na Papa Kasongo, mzee anayetengeneza radiyo na mashini za biro, yaani za ofisi. Papa Kasongo alizima umeme, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akanionyesha ndani pile, betri ndogo ya mviringo kama kifungo cha koti.

"Hii ndiyo inachunga neno yako hata kama umeme hauko," akasema. "Tukiitoa, tukingoja, mashini itasahau. Kazi ya huyu mutoto haiko hapa, iko kwenye disiki. Haitapotea."

Aliitoa. Tulingoja kutoka saa nne asubuhi mpaka saa nane. Sifa aliketi mikono ikiwa katikati ya magoti. Mimi nilisali, lakini sala yenyewe ilikuwa mbaya: niliomba mashini ifunguke ili niwaonyeshe watu kwamba mke wangu ameshindwa.

Papa Kasongo alirudisha pile, akawasha. Haikuuliza neno. Ilikuwa imesahau hata tarehe, na ikabidi aisomee upya namba zilizoandikwa juu ya disiki ili iitambue. Ili kufanya hayo alifungua ukurasa wa bluu ambao hauonekani kila siku. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja akasema: "Papa, ni hapa tu wanabadilishia neno. Na kama mashini haijasahau, huwezi kufika hapa bila kujua ile neno ya kwanza. Nani mwingine alikuwa anaijua?"

"Ni miye peke yangu," nikajibu.

Nilipoutazama ule ukurasa wa bluu, nikakumbuka. Niliona mikono yangu mwenyewe juu ya klavye, vile vibonye vya kuandikia, Jumamosi ile, baada ya kufunga mlango. Nilikuwa nimekasirika, nikawaza kwamba labda mama Nabintu amechungulia vidole vyangu, nikaingia pale nikaweka neno jipya. Homa ilikuja jioni ikafuta yote. Neno lenyewe sijalikumbuka mpaka leo. Lakini tendo nililikumbuka lote, hata jinsi nilivyobonyeza kwa nguvu.

Kazi ya Sifa ilikuwa pale, nzima, mpaka nukta ya mwisho. Binti alilia. Mimi nilimshukuru Papa Kasongo, nikamsindikiza mpaka barabarani, wala sikumwambia nilichokumbuka. Nilijificha nyuma ya kazi siku tatu, nikichapa kurasa za Sifa. Zilipokwisha sikuwa tena na mahali pa kujificha, nikapanda gari la Mudaka.

Nilimkuta mke wangu shambani, anapalilia maharagwe pamoja na baba yake. Nilisimama kwenye ukingo na viatu vyangu vya mjini.

"Mashini imefunguka?" akaniuliza bila kuinuka.

"Imefunguka."

"Ulikumbuka neno?"

"Hapana. Nilikumbuka kwamba ni miye nilibadilisha."

Aliendelea kulima mpaka mwisho wa mstari. Baba mkwe aliegemea jembe lake akaniuliza: "Ulimusema mbele ya nani?" Nikamjibu: mbele ya shirika letu lote. Akasema: "Hapa umesema vizuri. Lakini hapa hatukumusikia akishitakiwa. Enda useme kule." Nikamwahidi. Wiki iliyofuata mama Nabintu alirudi nyumbani, akapika, akafua, hakunidai kitu.

Ndugu zangu, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mtu anaweza kukosa kwa homa. Lakini homa ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimesamehewa nyumbani, nikaona inatosha. Miezi minane nimekuja hapa kila Jumatano, nimeimba pamoja nanyi, na sikusema. Mke wangu aliacha kuja. Ninyi mlidhani anaona haya kwa kosa lake. Yeye aliyekuwa anatembelea wagonjwa wa shirika, mlimpa kazi hiyo mama mwingine, nami nilikuwepo mlipoamua, na niliinua mkono kukubali.

Jumatano iliyopita, mama mmoja wenu, kwa moyo mwema kabisa, aliniuliza pale nje: "Mama Nabintu ameacha ile tabia?" Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Yangekuwa maneno mawili tu. Nikajibu: "Muendelee kutuombea."

Nilikwenda nyumbani. Mama Nabintu alikuwa anapiga pasi. Nilimwambia nilichoulizwa na nilichojibu. Aliweka pasi pembeni, akasema taratibu: "Kumbe wanaomba juu yangu mpaka leo, kwa zambi yako. Na unawaacha."

Nilipiga magoti pale pale sakafuni. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Niliona tu kwamba kwa miezi minane nilikuwa nimemfanya Mungu mwenyewe shahidi wa uongo wangu, kupitia midomo yenu. Nilimwomba Bwana anipe kitu kimoja: ujasiri wa kufika leo. Wiki nzima nilitafuta sababu ya kutokuja. Asubuhi hii hata mguu uliniuma. Lakini nimefika, na ninayasema. Huo ndio wokovu wangu, sina mwingine wa kuwaonyesha. Bwana aliyenishika mkono mpaka kwenye mlango huu, ashukuriwe.

Kwa hiyo sikieni: mama Nabintu hakuharibu kitu. Hakubadilisha neno. Hakuwa na wivu. Mwenye wivu nilikuwa mimi, nilimwonea wivu kwa sababu aliandika jina lake akafurahi. Kama mlimweleza mtu nje ya shirika hili, nawaomba mrudi mkamweleza na hili.

Na kama kuna mtu hapa aliyemsema mwenzake uongo, na uongo huo bado unatembea, usingoje miezi minane kama mimi. Utaona haya, sitakudanganya. Mimi naona haya sasa hivi, natazama chini ninaposema nanyi. Lakini Bwana hamwachi mtu katikati ya sentensi. Anza tu, umtegemee, atakufikisha mwisho.

Nilimwomba mke wangu tuje pamoja. Akanijibu: "Enda peke yako. Ile siku nami nilikuwa peke yangu." Yuko nyumbani. Ordinatere inawaka na haina neno lolote la siri. Anachapa yeye mwenyewe, amefika ukurasa wa kumi wa memwari ya mwanafunzi mwingine.

Tukimaliza sala, msinipe mkono wa pongezi. Afadhali mmoja wenu atangulie kwetu kumsalimia kabla sijafika. Nyumba mnaijua. Mimi nitatembea polepole.