Ukungu wa Shengena na Mfereji wa Kihurio

Kwenye stendi ya Same, ukishayapita magari ya kwenda Ndungu na Kihurio, kuna duka la fundi simu, na kwenye ukuta wake limeegemezwa benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo Bibi Ernesta huuza kahawa, na hapo wanaume wasio na haraka huja kupanga mambo ya watu wenye haraka. Wamempa jina la Bibi Shubiri. Yeye husema ni kwa ajili ya kahawa. Wao hawasemi ni kwa ajili ya nini. Siku hiyo upepo ulikuwa ukitia vumbi kwenye vikombe, na Bibi Ernesta alikuwa na jambo moja tu kichwani: gari la Kihurio liondoke na mjukuu wake Yonas akiwa ndani. Kesho alfajiri kijiji kilikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, na sheria ya msaragambo ni moja tangu enzi za mababu: nyumba isiyotoa mtu wa kushika jembe haipewi zamu ya maji msimu mzima. Mpunga wake ungekauka huku akisikia wa jirani ukinywa. Jembe alishalileta mwenyewe, akalisimamisha kando ya jiko. Naye Yonas, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa amejikunja mwisho wa benchi anaitazama simu.

— Yonas, gari linapakia.

— Dakika moja, Bibi. Naposti.

— Unaposti nini?

— Makala. Blogu isiyo na makala mpya inakufa.

— Na mpunga usio na maji unafanya nini? Unacheka?

Blogu yenyewe iliitwa *Upare kwa Macho Yangu*. Yonas aliandika humo habari za safari, milima na misitu na maporomoko, akisema ipo siku itamlisha. Mpaka siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiilisha, kwa bando na chaji, naye analishwa na bibi yake. Hapo Bibi Ernesta akafanya kosa. Akawaomba watu wa benchi wamsaidie kumsukuma. Ni sawa na kuwaomba mbuzi wakulindie kunde.

— Hebu mwambieni ninyi, wanaume wenzake.

Wa kwanza kukohoa alikuwa Zebedayo. Wanamwita Mwanasheria, si kwa sababu alisomea, ila kesi yake ya mpaka, ya kipande cha ardhi kisichotosha kutandika mkeka, imeshawastaafisha mahakimu.

— Mimi nasema asiende. Blogu ina hela, ila haina sheria. Hii milima ni ya nani? Yetu. Anayeitazama picha yake bila idhini ni mvamizi. Yonas aweke notisi pale juu: ukitazama, tukutane mahakamani.

— Wanaotazama wako wapi? aliuliza Bibi.

— Dunia nzima.

— Samansi utawapelekea kwa bodaboda?

— Haki haipotei, Bibi Shubiri. Mwenda pole hajikwai.

— Yako imekwenda pole mpaka shahidi wako tumemzika.

Dirishani akachomoza Daudi, fundi simu, ambaye wanamwita Injinia. Alikuwa na skrubu midomoni, na maneno yakapita katikati yake.

— Tatizo ni wasomaji. Matangazo hayaji mahali pasipo na watu. Sasa mimi humu ndani nina gunia la simu mbovu. Tuziwashe zote, zifungue blogu ya Yonas kutwa kucha. Kampuni ya matangazo itadhani ni umati. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Basi na sisi tuunde wasomaji.

— Simu mbovu zinasomaje?

— Zimekufa spika tu, Bibi. Macho zinayo.

Yonas akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

— Injinia, hiyo inawezekana kweli?

— Isiyowezekana ni nini? Ni umeme tu.

— Umeme wa nani? aliuliza Bibi Ernesta, lakini sauti yake ikafunikwa na ya Loth. Huyu alikuwa kondakta wa mabasi mpaka magoti yakamkataa, nao bado wanamwita Konda. Nchi hii ameiona yote, ila ameiona kupitia mlango wa basi.

— Nyie hamjui abiria! Mtalii hafuati mlima, mlima anao kwao. Anafuata kiumbe. Yonas aandike kwamba kileleni Shengena kuna nyoka mwenye vichwa viwili, anapiga mluzi.

— Vyote viwili? aliuliza Mwanasheria.

— Kimoja kinapiga, kingine kinaitikia.

— Basi patahitajika mashahidi. Mimi nitaapa.

— Mluzi niachieni mimi, Injinia akasema. Spika moja, betri ya pikipiki, tunafukia kwenye majani.

— Enhe! alidakia Konda. Wageni wakijaa, tunajenga hoteli. Ndege zao zitatua majini, kule bwawa la Nyumba ya Mungu.

— Na wavuvi? aliuliza Bibi.

— Watazisukuma ndege! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Honi ya gari la Kihurio ikalia. Bibi Ernesta akageuka kumtazama mjukuu wake, akamkuta anaandika kwa vidole gumba viwili, mbio mbio.

— Unaandika nini tena?

— Mawazo yao, Bibi.

— Hayo si mawazo, ni harara! Yonas, nisikilize. Wewe ukikaa hapa, maji yetu yanapewa mtu mwingine. Siku utakayosema una njaa, nitakupakulia makala kwenye sahani, na juu yake nikumwagie nyoka wa Konda.

Yonas akaiweka simu pajani.

— Bibi, mimi sidharau mpunga. Lakini kila msimu nakwenda, nachimba, narudi, na bado nitaitwa mjukuu wa Ernesta. Hii blogu ni kitu changu. Akija mtu mmoja tu kwa sababu yangu, mmoja, nitajua sikupotea.

— Kuna siku aliyepotea alijijua?

Ndipo akatokea msichana mwenye mkoba mgongoni na viatu vyekundu kwa vumbi.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, kahawa bado ipo kidogo.

— Asante, alisema, akapokea kikombe cha mwisho. Samahani, namtafuta mtu anayeandika *Upare kwa Macho Yangu*. Aliandika kwamba anapenda kukaa kwenye benchi la kahawa la stendi.

Skrubu moja ikamtoka Injinia mdomoni, ikagonga sakafu. Konda akafunga vifungo vya shati. Yonas alisimama polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake kanisani.

— Ni mimi.

— Kumbe ni wewe! Mimi naitwa Fortunata, nimetoka Singida. Ile ya Shengena nimeisoma mpaka nimeikariri. “Ukungu ukashuka, ukanifunika kichwa mpaka macho yakanitoka machozi.” Nikasema lazima nipande. Sasa, kutoka hapa stendi naanzia wapi?

— Makanya, alisema Konda.

— Gonja, alisema Mwanasheria.

— Mbaga, alisema Injinia, na wote watatu wakasema pamoja: Hapana!

— Mmeshapanda? aliuliza Fortunata.

— Mimi nimeuona, alisema Konda. Upande wa kulia, kama unatoka Mombo.

Msichana akamgeukia Yonas. Benchi zima likamgeukia Yonas. Bibi Ernesta hakuhitaji kumtazama. Siku ya ukungu ule alikuwa naye jikoni, anachambua maharage ya makande, kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa, na kijana alilia machozi mpaka akatoka nje. Alirudi anaandika kwenye simu.

— Sijafika, alisema Yonas. Picha nilipewa na mtu.

— Hujafika?

— Bado.

— Mimi nimetoka Singida!

Hata Mwanasheria hakuona pa kukata rufaa. Bibi Ernesta alikuwa na maneno ya kutosha mdomoni, makali yote, lakini honi ikalia tena, akaona ayaweke akiba.

— Gari la Kihurio linaondoka, Yonas.

— Na huko kuna nini? aliuliza Fortunata kwa hasira, akifunga mkanda wa mkoba.

— Huko? alisema Yonas. Mfereji tu. Kesho tunauzibua. Wazee wanasimama ukingoni wanatazama nani anainua jembe na nani analiegemea. Kuna bwana mmoja hakuja, akanyimwa maji, akawa anayaiba gizani, anauziba mfereji kwa gunia la mchanga yageukie kwake. Unajua walimkamataje? Vyura. Mashamba yote ya pembeni kimya, la kwake ndilo vyura wanaimba. Wazee wakafuata sauti, kisha nyayo, mpaka kitandani kwake, na shuka ina matope...

Msichana alikuwa anacheka. Hakutaka, lakini alikuwa anacheka.

— Mbona hii hujaiandika?

Yonas akamtazama Injinia, Injinia akamtazama Konda, Konda akatazama kikombe chake.

— Hiyo si safari, alisema Yonas mwishowe. Hiyo ni kwetu.

— Gari lina nafasi? aliuliza Fortunata.

Wakaondoka hivyo, Yonas mbele, anaeleza bado, mikono yote miwili hewani anaonyesha ukubwa wa gunia. Bibi Ernesta akawasindikiza kwa macho, halafu akaangalia kando ya jiko.

— Yonas! Mfereji utauzibua kwa mdomo?

Akalinyakua jembe, akakimbia nalo, kanga inaburuza vumbi. Konda, magoti na yote, akawahi kuupiga ubavu wa gari kama zamani: Shusha! Shusha! Jembe likapitishwa dirishani. Yonas akalipokea bila kukatisha hadithi.

Bibi akarudi anahema. Benchi lilikuwa limeshakaa sawa, vikombe vimenyooshwa.

— Bibi Shubiri, alisema Mwanasheria, na yule nyoka wetu tumwache tu?

Bibi Ernesta akaligeuza birika juu chini mbele yao. Halikutoa tone.

— Mwulizeni yeye kama ana kahawa.